Maswali Yenu: Mbwa Chotara wa Pudeli, Aleji, Manyoya na Afya Zao

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja kuhusu hawa mbwa wadogo chotara wenye damu ya pudeli, basi nimeamua safu nzima niwape wao, maana wanapendwa sana siku hizi na watu wengi wanawachukua kwa kuangalia picha tu. Kwa ambaye hajawazoea, maltipu ni maltizi na pudeli, kavapu ni kavalia (spanieli mdogo wa kukaa nyumbani) na pudeli, kokapu ni koka spanieli na pudeli, yokipu ni teria wa Yorkshire na pudeli. Haya twende.

SWALI: Dokta shikamoo. Mwanangu wa miaka sita ana aleji ya mbwa, akikaa nao anapiga chafya, macho yanavimba na kuna wakati kifua kinabana. Muuzaji kaniambia kavapu hana shida kabisa sababu manyoya yake hayadondoki, na kwamba kashauzia familia nyingi zenye aleji. Je ni kweli? Mtoto analilia mbwa kila siku.

JIBU: Marahaba mama. Hakuna mbwa asiyeleta aleji, na kama kifua cha mtoto kinabana naomba sana usifanye uamuzi kwa maneno ya muuzaji. Kinachomsumbua mwanao sio nywele zenyewe, ni protini zilizoko kwenye mate ya mbwa, kwenye ngozi yake inayopukutika vipande vidogo hata huvioni, na nyingine kwenye mkojo. Mbwa anajilamba, mate yanakaukia kwenye manyoya, yanakuwa vumbi, vumbi linapanda hewani na kukaa kwenye mapazia, kwa hiyo hata kama hujawahi kuokota unywele mmoja kwenye kochi, protini ipo.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima vumbi la nyumba 173 zenye mbwa, wakalinganisha nyumba za mbwa wanaosemwa hawaleti aleji na nyumba za mbwa wa kawaida, hawakukuta tofauti ya maana. Mwaka uliofuata wenzao wa Uholanzi wakapima manyoya yenyewe, wakakuta manyoya ya pudeli na ya labradudeli, yaani chotara wa labrado na pudeli, yana protini nyingi kuliko ya mbwa wengine, hewani ndani ya nyumba hakukuwa na tofauti, na kwenye vumbi la sakafuni labradudeli tu ndio walionekana wanaacha kidogo zaidi. Sasa ukisikia mtu anakuhakikishia kwa mdomo mkavu kwamba mbwa wake hana aleji, ujue anauza.

Na hii hadithi ya aleji ina mwanzo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron alikuwa anazalisha mbwa wa kuongoza wasioona, akaletewa ombi la mama mmoja wa Hawaii asiyeona ambaye mumewe alikuwa na aleji ya mbwa. Akajaribu pudeli wakubwa wengi hakupata anayefaa kwa kazi, akaona achanganye labrado na pudeli, wakazaliwa watoto watatu, akapeleka sampuli za manyoya na mate yao kupimwa kwa yule mume, na katika watatu akafaa mmoja tu, jina lake Sultan. Ona hapo mama, baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, na bado ni mmoja tu. Mwaka 2019 Conron alisema hadharani anajuta, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuchanganya pudeli na kila mbwa bila kujali afya ya wazazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza kwa daktari wa mtoto, sio kwa mbwa, na umuulize kama kuna kipimo kinachotenganisha protini moja moja, maana kuna watu wanaoguswa na ile protini moja tu inayotengenezwa kwenye tezi dume ya mbwa, na hao wengine wanaweza kukaa na mbwa jike vizuri tu. Daktari akiruhusu, mpeleke mwanao akae na mbwa yuleyule mnayemtaka, sio kavapu yeyote, yuleyule, na mrudie mara kadhaa siku tofauti maana dalili nyingine hazitoki siku ya kwanza. Mkimchukua, chumba cha kulala cha mtoto mbwa asiingie kabisa. Kumuogesha mbwa kunapunguza protini ila inarudi ndani ya siku chache, kwa hiyo usiitegemee. Na daktari akisema hapana, basi ni hapana mama, hata mtoto alie vipi, kifua si kitu cha kubahatisha.

SWALI: Kokapu wangu ana miezi kumi. Nimempeleka kunyolewa nikasema wapunguze kidogo tu, narudi nakuta wamemnyoa karibu upara, wananiambia manyoya yalikuwa yamefungana. Mi namchana kila wiki na juu alikuwa laini kabisa. Nimeonewa?

JIBU: Hujaonewa kaka, ingawa naelewa ulivyoumia. Hapo kwenye "juu alikuwa laini" ndipo tatizo lilipo, maana manyoya ya hawa mbwa yanafungana chini karibu na ngozi, juu panabaki pazuri, unapitisha brashi inateleza unaona kazi imeisha kumbe huko chini kuna tabaka limeshikana lote. Na umri wa miezi kumi ndio mbaya kuliko yote, kati ya miezi sita na mwaka na kidogo mbwa anabadilisha manyoya ya utoto kwenda ya ukubwa, ya zamani yanang'oka lakini hayadondoki chini kama kwa mbwa wengine, yananaswa na yale yanayojikunja na yanasokotana humo humo. Ukiongeza na manyoya ya ndani ya spanieli unapata mchanganyiko unaofungana kuliko hata pudeli mwenyewe.

Mafundo yakishafika kwenye ngozi kuyachana ni mateso, yanavuta ngozi kila mbwa anapotembea, yanashika unyevu, chini yake unakuta vidonda, nishawaona wengi tu. Waliomnyoa wamemuonea huruma. Manyoya yataota.

Kuanzia sasa tumia vitu viwili, brashi ya sindano laini na kitana cha chuma. Mlaze, gawanya manyoya kwa mkono mpaka uone mstari wa ngozi, chana tabaka lile kuanzia nchani ukirudi kwenye shina, ukimaliza panda tabaka linalofuata, hivyo hivyo mwili mzima, halafu pitisha kitana, kikigoma popote bado hujamaliza. Nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya mkanda wa shingo na kwenye shina la mkia ndiko kunakoanza kila mara. Fanya kila siku au siku moja ukiruka, mara moja kwa wiki haitoshi kwa mbwa huyu. Na usimuogeshe kabla hujamchana, maji yanakaza mafundo kabisa. Kunyoa kila wiki sita mpaka nane, na kama huna muda wa kuchana mnyoe mfupi mwaka mzima, hakuna ubaya, atakushukuru.

Ukiwa hapo kagua na masikio. Yamelala na ndani yanaota nywele, hewa haipiti, ukisikia harufu au anatikisa kichwa kila saa mpeleke kwa daktari wa mifugo, usianze kuchokonoa na vijiti vya pamba.

SWALI: Dokta natafuta maltipu au kavapu wa kufuga nyumbani. Naambiwa chotara hawaugui kama wale wa aina moja tupu, hivyo hakuna haja ya kupima wazazi. Na ni mambo gani niangalie kwa mfugaji?

JIBU: Hili swali nimelisubiri siku nyingi. Maneno hayo yana chembe ya ukweli iliyovutwa mpaka ikakatika. Kuna magonjwa ambayo mtoto lazima arithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama ndipo augue, na ukichanganya aina mbili ambazo hazishei ugonjwa huo unapunguza uwezekano, hiyo ni kweli. Tatizo ni pale aina zote mbili zinapobeba kitu kilekile. Pudeli na koka spanieli wote wanabeba ugonjwa wa macho unaoua retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, pole pole, unaanza na kutoona vizuri usiku mpaka mbwa anapofuka. Mwenye nakala moja ya jeni anaona vizuri maisha yake yote na huwezi kumjua kwa macho, ila ukipandisha wawili wenye nakala moja moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuja kupofuka. Kipimo cha DNA kipo, ni cha mara moja tu maishani, na mfugaji asiyekifanya kwa kokapu mi simuelewi.

Magoti vivyo hivyo, pudeli mdogo, maltizi na teria wa Yorkshire wote wana tabia ya pia ya goti kuchomoka mahali pake, utamuona anakimbia mara anakunja mguu mmoja wa nyuma anaruka ruka hatua mbili tatu kisha anaushusha kama hakuna kilichotokea. Watu wanacheka wanasema anacheza, hapana, mpeleke apimwe. Kwa kavapu kitu kikubwa ni moyo, vali ya moyo ya kavalia inaharibika mapema na ndio ugonjwa unaoua wengi wa aina hiyo, na kwa kuwa wengi hawaonyeshi dalili mpaka wawe watu wazima, mzazi kavalia aliyepandishwa akiwa bado mdogo sana hakuna anayejua moyo wake utakuwaje. Uliza moyo wa mama mwenyewe umesikilizwa lini na daktari gani, na bibi na babu wa hao watoto mioyo yao ikoje.

Mwaka 2024 chuo cha mifugo cha Royal Veterinary College cha Uingereza kilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 9,000, kokapu, kavapu na labradudeli wakilinganishwa na aina za wazazi wao kwenye magonjwa 57, na katika asilimia zaidi ya 86 ya ulinganisho huo hakukuwa na tofauti. Yaani chotara sio mgonjwa zaidi na wala sio mzima zaidi, anategemea wazazi, basi.

Kwa mfugaji, kitu cha kwanza mama awepo, umuone akiwa na watoto wake, wanyonye mbele yako, anakuja kwako au anajificha, maana mtoto anachukua mengi kwa mama. Ukiambiwa mama kasafiri au yuko kwa ndugu, ondoka. England walipitisha sheria mwaka 2020 ya kukataza madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, ikaitwa kwa jina la Lucy, kavalia aliyetolewa kwenye shamba la kuzalisha mbwa akiwa kachakaa vibaya kwa kuzalishwa, na kwa kiasi kikubwa shida ilikuwa hiyohiyo ya kununua mtoto bila kumuona mama. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki nane. Karatasi za vipimo uzione za wazazi wote wawili, zenye majina yao, "daktari kawaangalia wako fresh" sio kipimo. Na mfugaji mzuri atakuuliza wewe maswali mpaka uchoke, utakuwa wapi mchana, nani atamchana, ukihama itakuwaje. Huyo mpende.

SWALI: Kuna wanaouzwa kama maltipu wa kikombe, wadogo sana wanaenea kiganjani hata wakikua. Unashauri?

JIBU: Sishauri hata kidogo dada. Hakuna saizi ya pudeli inayotambulika kwa jina hilo, wanapatikana kwa kupandisha wale waliodumaa kizazi baada ya kizazi. Sukari inashuka ghafla wakichelewa kula, mifupa inavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi, wengine fuvu halifungi utosini. Maltipu wa kawaida ni mdogo wa kutosha.

SWALI: Nina kavapu dume na jike, hawana undugu, wote wamezaliwa na kavalia na pudeli moja kwa moja. Nikiwapandisha nitapata watoto wanaofanana nao?

JIBU: Hapana, na hapa watu wengi wanashangaa. Kizazi cha kwanza kinafanana fanana kwa sababu kila mtoto kapata nusu kwa pudeli nusu kwa mwenzake. Ukipandisha hao wao kwa wao jeni zinagawanywa upya. Utafiti mkubwa wa mwaka 2009 ulionyesha tofauti nyingi za manyoya ya mbwa zinatokana na jeni tatu tu, moja ya urefu, moja ya kujikunja, moja ya ndevu na nyusi, na hii ya ndevu ndiyo inayokwenda pamoja na manyoya kutodondoka sana. Pudeli anayo, kavalia hana. Wawili wako kila mmoja ana nakala moja, kwa hiyo kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atazaliwa bila nakala yoyote, uso laini kama kavalia na manyoya yanadondoka nyumba nzima. Ndio maana wafugaji wengi wanarudisha kizazi cha kwanza kwa pudeli, anapatikana mbwa mwenye robo tatu za pudeli, anajikunja zaidi na anadondosha kidogo.

Lakini kaka kabla ya yote hayo, mioyo na magoti yao yamepimwa? Na ukipata watoto sita, una nyumba sita zinazowasubiri? Kama jibu ni hapana waache wabaki marafiki, na zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuwafunga uzazi.

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Nina miaka 71, mke wangu ametangulia mbele ya haki na nyumba imekuwa kimya mno. Watoto wangu wanataka kuniletea mtoto wa kokapu. Unaonaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Mbwa wa kukaa naye ni wazo zuri, mi naliunga mkono kwa moyo wote, ila nikiruhusiwa kusema, kokapu mchanga atakuchosha. Spanieli ni mbwa wa kuwinda ndege na pudeli asili yake ni mbwa wa Ujerumani wa kuokota bata majini, ukiwachanganya unapata mbwa mdogo mwenye nguvu na akili nyingi anayetaka kutoka na kufanya kitu kila siku, na akiwa mchanga anapita miguuni, anauma uma vidole, anataka kutolewa kukojoa usiku wa manane. Kuanguka kwa umri wako si jambo dogo.

Mtafute mtu mzima, wa miaka minne mitano, maltipu mtulivu kwa mfano, ambaye tayari anajua kukojoa nje na tabia yake inajulikana. Wapo wengi wanaotafuta nyumba, mara nyingi kwa sababu tu aliyewachukua alichoka kuwachana. Hawa mbwa wanafika miaka 12 mpaka 15, kwa hiyo wale watoto wako kabla hawajakuletea wakae chini waamue nani atamchukua siku ikitokea umelazwa, na nani atakuwa anampeleka kunyolewa. Hilo wakilijibu vizuri, mchukue mzee wangu.

SWALI: Maltipu wangu nikitoka tu anabweka na kulia mpaka majirani wanalalamika. Nilimpata miezi mitano iliyopita, kwa muda wote nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, sasa nimerudi ofisini. Nimpige au nimwekee ile kola ya kushtua umeme?

JIBU: Usimpige na hiyo kola usiinunue, tafadhali. Huyo hana jeuri, anaogopa. Ni mbwa aliyetokana na wazazi waliochaguliwa karne na karne kwa kazi ya kukaa na binadamu, maltizi hasa, na tangu aje kwako hajawahi kubaki peke yake, leo umeondoka masaa tisa. Ukimuumiza kwa kuogopa, woga unaongezeka.

Mrudishe mwanzo. Shika funguo, vaa viatu, kaa chini, usiende popote, rudia mpaka asishtuke tena. Toka sekunde chache rudi kabla hajaanza kulia, kesho dakika, unapanda pole pole na akilia ujue umepanda haraka, shuka kidogo. Muachie kitu cha kutafuna anachokipata ukiwa unatoka tu. Mtembeze kabla ya kuondoka na umpe dakika kumi za kutafuta chakula kikavu ulichokificha, pudeli ana akili inayohitaji kazi na ikikosa kazi inatafuta balaa. Wakati unamfundisha asibaki peke yake masaa mengi, omba ndugu au jirani yeyote akae naye, maana kila siku anayolia mpaka achoke inafuta ulichomfundisha jana. Na kama anajiumiza mlangoni au anakojoa kwa hofu muone daktari wa mifugo, kuna dawa zinazosaidia na sio aibu kuzitumia.

SWALI: Haraka dokta, yokipu wetu kala zabibu kavu, mtoto kamwagia chini. Yuko sawa anacheza tu. Tusubiri?

JIBU: Huyu nilimjibu siku ileile kwa simu ila naandika kwa faida ya wote. Msisubiri. Zabibu mbichi au kavu zinaweza kuua figo za mbwa na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, mbwa mdogo ndio kabisa, na anaweza kucheza vizuri leo kesho kutwa figo zimesimama. Kwa daktari mara moja, mapema daktari anaweza kumtapisha. Chokoleti, vitunguu, na chingamu au pipi zenye sukari bandia ya zailitoli, kimbieni hivyo hivyo.

SWALI: Yokipu wangu wa miaka saba akivutwa na kamba au akifurahi sana anakohoa sauti kama bata. Ni mafua?

JIBU: Sina uhakika bila kumsikiliza, lakini kwa mbwa mdogo mwenye damu ya teria wa Yorkshire kikohozi cha namna hiyo cha kwanza kukishuku ni bomba la hewa kulegea na kujibana. Mpeleke asikilizwe na apigwe picha, na daktari amsikilize na moyo maana nao unakohoesha. Leo hii mvue mkanda wa shingo kwenye matembezi umnunulie wa kifuani, na kama ni mnene mpunguzie chakula, uzito unabana sana hewa. Akikohoa mpaka ulimi au fizi zikageuka rangi ya bluu usingoje asubuhi.